Ndege ni mpya juu, chini kwenye holdi bado ni 1967

Mhariri,

Salamu kwako na wenzako hapo chumba cha habari. Nimengoja mtu mwengine aseme hili jambo naona hakuna, bas acha niseme mimi. Kila ikitoka habari ya ndege mpya, iwe ni kampuni yetu imeagiza ama ni ya nje inaanza kutua hapa uwanja wa ndege wa Moi, gazeti linaandika yale yale, viti vipya, taa za rangi rangi, skrini, mafuta inakunywa kidogo, na picha ya wakubwa wamesimama kwenye ngazi wanapunga mkono. Sawa, hizo ni habari. Lakini sijaona hata siku moja mwandishi ameinama akachungulia kule mizigo inakoingia, kwenye holdi, akauliza, na huku je, kumeboreshwa nini?

Mimi nilikuwa loda, yaani mpakiaji mizigo ya ndege, kuli wa ndege ukipenda. Kazi nimeifanya mpaka mgongo ukasema basi, sasa niko zangu Magongo injini zinapita juu ya mabati na kwa mlio tu najua hii ni gani na hii ni gani. Ninachotaka kuwaambia ni kwamba hii Boeing 737, ambayo ni moja ya ndege zinazoruka sana duniani kwa safari fupi na za wastani, imeboreshwa kila mahali mtu anaweza kufikiria, mabawa, injini, mkia, kompyuta, viti, lakini pale tunapoingia sisi kwa magoti ni vile vile ilivyozaliwa. Na kinachoniudhi zaidi ni kwamba hio ndege iliwekwa chini vile kwa ajili ya kutusaidia sisi watu wa mizigo! Subirini niwaeleze, manake watu wanabishana sana kuhusu MAX, toleo la karibuni la hio 737, huyu anasema ni ndege mpya kabisa, yule anasema ni ya zamani imepakwa rangi, na wote wawili hawajaangalia miguu ya magurudumu.

Miaka ya sitini Boeing walikuwa wamechelewa. Wenzao walikuwa tayari na jeti ndogo za safari fupi, wao ndio kwanza wanaamua, ilikuwa 1965, na mteja wa kwanza akawa Lufthansa ya Ujerumani. Wasipoteze wakati wakachukua upana wa bodi ya 707 yao kubwa, viti sita kwa mstari, wakaifupisha. Wenzao injini walikuwa wanaziweka nyuma mkiani, wao wakazibandika chini ya bawa, nyembamba na ndefu, zimegandana na bawa kabisa. Halafu bodi wakaishusha karibu na ardhi. Kwa nini? Kwa sababu viwanja vingi vidogo wakati huo havikuwa na ngazi za magari wala konveya, yaani mikanda ya kupandishia mizigo. Ndege ikiwa chini, ngazi yake yenyewe inakunjuka mlangoni watu wanashuka, na loda anasimama chini ama juu ya gari la mizigo anasukuma begi ndani bila mashine yoyote. Akili nzuri sana kwa wakati wake, siwezi kuwalaumu. Iliruka mara ya kwanza 9 Aprili 1967 na mwaka uliofuata ikaanza kubeba abiria. Ile ya kwanza kabisa, -100, zilitengenezwa 30 tu na urefu wake haufiki mita 29. Iliyouzika ni -200, na hio ndio wazee wa hapa mnaikumbuka kwa kelele, ikiondoka mazungumzo yote yanasimama mpaka ipotee.

Kwa hivyo kimo cha miguu ya 737 kiliamuliwa na begi. Sasa tazama uamuzi huo mmoja ulivyowafuata miaka yote.

Injini za jeti zikabadilika. Ile ya mwanzo, JT8D, hewa iliyopita kwenye moto ilikaribia kuwa sawa na ile iliyopita pembeni, ikitoka nyuma inatoka kwa kasi kubwa, ndio zile kelele na ndio ule ulaji wa mafuta. Mainjinia wakaona ni nafuu kuweka feni kubwa mbele isukume hewa nyingi pembeni mwa moto kwa kasi ndogo kuliko kusukuma hewa kidogo kwa fujo. Mafuta yanapungua, kelele inapungua. Lakini feni kubwa inataka nafasi na 737 chini ya bawa haina nafasi, ndio maana nasema begi. Walipotengeneza -300, iliyoruka 1984, wakaipa injini ya CFM56 yenye feni ya sentimita 152, wakafanya ujanja wa aina yake. Injini wakaisogeza mbele ya bawa badala ya kukaa chini yake, vile vidude vinavyoning'inia chini ya injini, pampu, jenereta na mengineyo, wakavihamishia ubavuni, halafu mdomo wa injini wakaufanya bapa upande wa chini. Ukisimama mbele yake unaona wazi si duara. Abiria wengi wamepanda hii ndege maisha yao yote hawajawahi kuona, siku nyengine mkitembea kwenda kwenye ngazi geuzeni shingo mtazame. Jambojet walipoanza 2014 walianza na hizo hizo -300 kabla ya kuhamia hizi Dash 8 za mapanga, kwa hivyo wengi wetu hapa Mombasa tumezipanda.

Kisha ikaja familia waliyoiita Next Generation, -600 mpaka -900, iliruka 1997. Kwangu mimi hii ndio kazi safi kuliko zote na naona hawasifiwi inavyostahili. Bawa lilichorwa upya, eneo lake likaongezeka kama robo, mafuta mengi zaidi yakaenea ndani yake, ndege ikaweza kwenda mbali zaidi na kupanda juu zaidi kuliko ile iliyotangulia. Na kuanzia 2001 zikaja zile ncha za mabawa zilizopinda kwenda juu, ambazo watu wanadhani ni urembo ama ni mahali pa kuchora nembo ya kampuni. Si urembo. Ndege ikiruka, hewa ya chini ya bawa ina presha kubwa kuliko ya juu, sasa pale nchani ile ya chini inakimbilia juu na kujizungusha, ule mzunguko unaivuta ndege nyuma na injini inalipa kwa mafuta. Ncha iliyopinda inaupunguza, wanaokoa kama asilimia 3 au 4 ya mafuta kwa safari ndefu. Kwa Mombasa Nairobi ambapo ukimaliza kunywa juisi mnaambiwa fungeni mikanda faida yake ni ndogo, lakini kwa safari ya masaa matano hizo ni pesa za kweli.

Mwisho wa 2010 Airbus, wapinzani wa Boeing, wakatangaza A320neo, ndege yao ya zamani na injini mpya. Boeing 2011 wakajibu na MAX. Hapa ndio tofauti ya miguu ilipojitokeza mchana kweupe. A320 iliruka mara ya kwanza 1987, ikachorwa wakati feni kubwa zishajulikana, miguu yake ni mirefu, kwa hivyo kwenye neo ilichukua injini ya LEAP yenye feni ya sentimita 198 na ikaingia. Ndugu yake LEAP huyo huyo kwa 737 ilibidi apunguzwe mpaka 176, na hata kwa huo udogo ikabidi mguu wa mbele urefushwe sentimita 20, na injini isogezwe mbele tena na kuinuliwa juu tena. Mengine yote ya MAX ni mazuri na sisemi uongo, ncha za mabawa zimegawanyika mbili, moja juu moja chini, kitako cha mkia kimechongwa upya hewa ipite vizuri, kingo za nyuma za injini zimekatwa meno meno kupunguza kelele, na Boeing wenyewe walisema inakula mafuta pungufu kwa asilimia 14 ukilinganisha na Next Generation.

Lakini injini kubwa iliyokaa mbele na juu vile, ndege ikiinua pua sana inazidi kutaka kuiinua. Wakaweka programu, ile MCAS, ya kusukuma pua chini yenyewe, na ikawa inasikiliza sensa moja tu, yaani kifaa kimoja cha kupimia pembe ya ndege na hewa, ilhali sensa ziko mbili. Yaliyofuata tunayajua na mengine yametufikia mpaka majumbani. Lion Air kule Indonesia Oktoba 2018, watu 189. Halafu 10 Machi 2019 Ethiopian ikitoka Addis Ababa kuja Nairobi, watu 157, Wakenya walikuwa 32, hakuna nchi iliyopoteza wengi kuliko sisi. Mungu awarehemu. MAX zikasimamishwa dunia nzima, Marekani wakaziruhusu tena Novemba 2020, Ethiopian wenyewe wakairudisha hewani Februari 2022. Siku hizi hio programu inasikiliza sensa zote mbili, zikipingana inanyamaza, inasukuma mara moja tu kwa kila tukio, na rubani akivuta anaishinda. Sisemi begi ndio liliua watu, hapana, kuachia kitu kama kile kisikilize sensa moja ni uamuzi wa watu waliokaa ofisini na waliulizwa kwa hilo. Nasema tu ukiufuata uzi kwa kurudi nyuma, programu imekuja kwa sababu ya mahali injini ilipokaa, injini imekaa pale kwa sababu chini hakuna nafasi, na nafasi hakuna kwa sababu 1967 loda alitakiwa afikie mlango bila konveya.

Na bado hawajamaliza na hio miguu. Ile MAX ndefu kuliko zote, MAX 10, ni karibu mita 44, sasa ndege ndefu na miguu mifupi ikiinua pua mkia utakwaruza lami, kwa hivyo wameitengenezea mguu wa nyuma wenye wenzo, ndege ikianza kuinuka mguu unajirefusha kama sentimita 24, ikishapaa unajikunja unarudi mahali pake. Iliruka na mguu huo 2021. Yaani nusu karne imepita ndio wamepata namna ya kurefusha mguu bila kuurefusha, nilicheka mpaka mke wangu akauliza kuna nini.

Sasa turudi kwetu chini. Ile faida tuliyowekewa iliisha zamani, konveya sasa ziko kila uwanja, hapa petu zipo, hakuna loda anayesukuma begi akiwa amesimama juu ya lori. Mlango kuwa chini hakutusaidii tena kitu. Kilichobaki ni hasara yake, holdi yenyewe. Kimo chake ni kama mita moja na ushei, mtu mzima hasimami, hata kuinama haitoshi, unapiga magoti. Mmoja anakaa mlangoni anapokea kutoka konveya, mwengine yuko ndani kabisa anapanga, begi linatupwa linateleza anali­daka akiwa magotini, anajipinda kiuno analiweka juu ya jengine mpaka kwenye dari, halafu anafunga nyavu. Begi moja laweza kuwa kilo 23, laweza kuwa 32. Mgongo wa binadamu ukiwa umesimama unabeba kwa miguu, ukiwa umepiga magoti miguu haipo, kazi yote ni ya kiuno na mabega. Na hii ni Mombasa mhariri, saa saba mchana Februari mle ndani ni tanuri, unatoka shati umelikamua.

Halafu hili ndilo wengi hawalifikirii. Ndege ilivyorefushwa kutoka mita 29 mpaka 44 holdi nayo ikarefuka, haikuinuka. Kila walipoongeza mistari ya viti juu na kusifiwa kwamba gharama ya kila kiti imeshuka, sisi chini tuliongezewa masafa ya kutambaa na mabegi ya kupanga. Tena kwa zile ndefu kuna hesabu ya mizani, huwezi kuachia nyuma kuzito mbele kukiwa kutupu, ndege inaweza kukaa kitako, kwa hivyo ya nyuma inaharakishwa kutolewa na nguzo inawekwa chini ya mkia. Abiria juu anaona tu mbona begi linachelewa.

A320 inaweza kupakiwa kontena ndogo, tumbo lake liliandaliwa kwa hilo, ingawa kampuni nyingi za bei nafuu haziagizi hivyo wanapakia kwa mikono vile vile. Na hizi Embraer 190 tunazopanda kila leo kwenda Nairobi, viti viwili viwili hakuna wa katikati, abiria wanazipenda na mimi nazipenda nikiwa abiria, holdi yake ni ya kutambaa zaidi. Embraer nao wana kizazi cha pili, E2, ilianza kubeba watu 2018, injini mpya za Pratt & Whitney zenye gia, bawa jipya, usukani wote wa umeme, mafuta kwa kila kiti yamepungua kama asilimia 17 kwa hio 190. Kazi kubwa. Lakini tumbo ni lile lile.

Pale bandarini Kilindini makuli walikuwa wakibeba magunia mgongoni mpaka kontena zilipokuja, vita vyake vilikuwa vyengine, vya kazi kupotea, lakini leo hakuna meli inayojengwa kwa kutegemea uti wa mgongo wa mtu. Uwanja wa ndege uko kilomita chache tu kutoka hapo na bado tunapakia jeti ya mamilioni ya dola kwa magoti.

Wala si kwamba hakuna dawa. Kuna sakafu ya kuteleza ambayo inafungwa ndani ya holdi ya hizi ndege nyembamba, loda anapanga pale pale mlangoni, akibonyeza swichi sakafu inavuta mzigo kwenda ndani, anapanga safu nyengine, hatambai. Ipo miaka mingi. Kampuni hazipendi kuiagiza kwa sababu ina uzito na uzito ni mafuta, yaani ile asilimia waliyoipata kwenye ncha ya bawa hawataki kurudisha hata kipande chake chini. Kama hawaitaki hio kuna konveya yenye ulimi wa magurudumu unaorefuka na kukunja kona mpaka ndani kabisa ya holdi, hio haifungwi kwenye ndege hata kidogo, inanunuliwa na kampuni ya huduma za uwanjani, haileti gramu moja hewani. Sheria ya usalama na afya kazini tunayo tangu 2007, ipo kwenye vitabu, sijui inasubiri nini pale uwanjani.

Ombi langu kwenu ni dogo. Siku nyengine mkialikwa kupokea ndege mpya, Dubai tu sasa flydubai wanatuletea hizi 737 tangu Januari 2024 na wengine watakuja, mkishapiga picha ya viti ombeni mfunguliwe mlango wa holdi ya nyuma. Mwandishi aingie, atambae mpaka mwisho, arudi. Halafu amuulize mkurugenzi swali moja, hio sakafu ya kuteleza mliagiza au mliikata kwenye orodha, na kama mliikata ni nani alikaa kwenye kikao hicho kwa niaba ya wapakiaji? Jibu lichapishwe jinsi lilivyo.

Na nyinyi mnaotoka Dubai na maboksi ya kuuza Marikiti, kilo 32 ndio mwisho wa boksi moja. Likizidi ligawanyeni mara mbili, manake ile stika ya glasi mnayobandika juu haimsaidii mtu aliyepiga magoti na kilo arobaini kifuani, atalitupa tu.

Loda mstaafu,
Magongo, Mombasa